Shule Ilipofungwa, Maradhi Yakafuata Wanafunzi Nyumbani

Katika mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, mwanafunzi wa bweni mjini Mpanda huenda kwao ni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, au Mishamo, hivyo shule inapofungwa kwa sababu ya mlipuko, yaani ongezeko la ghafla la wagonjwa mahali pamoja, hurudi katika kaya iliyo mbali na walimu na pengine mbali na zahanati. Kama hatua hiyo huukata ugonjwa au huusafirisha ni swali ambalo Tanganyika ililikabili kwa uchungu mara tu baada ya uhuru, katika mkoa wa leo wa Kagera.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya wasichana huko Kashasha, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia, kikichanganyika na kilio na mahangaiko, na hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, ilhali hakuna mwalimu aliyeugua. Waliporudishwa makwao, hali hiyo ilizuka Nshamba, walikotoka baadhi yao, ikawapata watu 217. Shule ikafunguliwa tarehe 21 Mei, wengine 57 wakapatwa, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Madaktari Rankin na Philip, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1963, walihitimisha kuwa ni histeria ya halaiki, yaani dalili za kweli za mwili zinazoenea kwa hofu na msongo bila kiini cha ugonjwa kuonekana. Jina hilo lisichukuliwe kuwa tuhuma ya kujifanya, kwani wasichana wale waliteseka, wengine hadi siku 16.

Hali ya aina hiyo imeonekana kwingine pia: mwaka 1965, mjini Blackburn, Uingereza, wasichana 85 wa shule moja walikimbizwa hospitali wakizimia. Nchini Malaysia, inapotokea, mabweni yameita bomoh, yaani waganga wa jadi, na nchini Tanzania wapo wanaoona kuwa ni mapepo na kuitisha maombi. Faraja ya dini ni haki ya mtoto anayeogopa, lakini maombi ya hadhara huwaweka wazima mbele ya wanaoanguka, wakati utulivu huja upesi zaidi wakitenganishwa.

UVIKO-19 ulikuwa jambo jingine. Shule za Tanzania zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020, kidato cha sita wakarejea tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni, virusi vilikuwa vikipita kwa pumzi, na kutawanya mabweni kulikuwa na sababu ya kitabibu ambayo Kashasha haikuwa nayo.