Washirazi wa Mtang'ata

Mwalimu asomapo darasani habari za Ibrahimu na Uru wa Wakaldayo, aghalabu huulizwa: je, watu hao wangalipo? Wapo. Ni Wakristo wa Iraki, na wengi wamehamia Marekani, hasa Detroit. Walakini Babeli ulitwaliwa na Koreshi mwaka 539 K.K., na jina la Wakaldayo walipewa Wanestoria wa Kipro na Papa Eugenio IV mwaka 1445, walipojiunga na Rumi. Hata hivyo wengi wao hujihesabu kuwa wana wa Babeli.

Swali hilo latukabili hapa hapa Tanga. Mwendo wa kilometa 17 hivi kusini mwa mji yako magofu ya Tongoni, katika nchi ya Mtang'ata: msikiti, na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo. Katika mafungu ya pwani hiyo merikebu moja ya Vasco da Gama ilipanda mwamba mwaka 1498. Wenyeji husema, "Sisi ni Washirazi." Nacho kisa cha Kilwa chataja sultani wa Shirazi na wanawe sita, na merikebu zao saba.

Wataalamu wengi walikikataa kisa hicho, wakisema kilitungwa kwa kutafuta heshima. Hoja yao ya lugha ina nguvu: Kiswahili na Kidigo ni ndugu wa tumbo moja, na maneno kama bandari na pamba, ingawa asili yake ni Kiajemi, hayaigeuzi sarufi. Sisi nasi tuliwahi kumwambia mwanafunzi kwamba habari za babu yake ni hadithi tupu. Babu akaja shuleni, akatuuliza kwa upole kama sisi twayajua makaburi ya babu zetu. Hatukuwa na jibu.

Mwaka 2023 zilitangazwa habari za mifupa iliyofukuliwa katika miji ya kale ya pwani, kama vile Manda, Mtwapa na Kilwa. Ya Tongoni haimo. Chembe za urithi zilionyesha kwamba tangu yapata mwaka 1000 damu zilichanganyika: upande wa kuumeni wengi walitoka Asia, hasa Uajemi, upande wa kukeni karibu wote ni Waafrika. Basi tulimkosea yule mzee. Lakini kisa chake nacho chahesabu mababa tu. Chasema sultani aliununua mji wa Kilwa kwa nguo. Majina ya wanawake waliowazaa Washirazi, wakawafundisha kusema, hakikuyahifadhi.