Kimelea

Asili yake ni shambani. Mbegu humea, ikiota juu ya mti mwingine, huumelea. Ndipo tukapata kimelea, na sayansi ikalichukua neno hilo kwa kupe, chawa, tegu na chango.

Lakini sipendi tunapoandika “vimelea” tu na kuishia hapo. Huko Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, anayechunguza sokwe humtambua mnyoo kwa mayai yaliyomo kinyesini, na yai la mnyoo wa vinundu hufanana mno na la safura, hata chini ya hadubini. Hukiweka kinyesi katika unyevu siku kadhaa, mayai yaanguliwe, kisha aupime mkia wa lava: wa vinundu ni mrefu, mwembamba kama uzi. Kazi hiyo yote ni ya kupata jina moja tu! Mwandishi, ukimjua mnyoo, mtaje: safura, tegu, chango.