Mpelelezi aliyechaguliwa na msomaji

Mwaka 1973 Watanzania wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi mbele ya redio, kijitabu mkononi, wakijifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji ya kunywa na kujikinga na malaria. Kampeni hiyo ya wiki 12 iliitwa Mtu ni Afya, na miongoni mwa washiriki wake walikuwamo watu wazima waliokuwa wametoka tu kujua kusoma.

Mwaka uliofuata ikatoka riwaya ambayo hakuna kampeni iliyoigawa: Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Shujaa wake ni Willy Gamba, jasusi wa serikali, mtanashati, hodari wa bastola na wa maneno. Watu waliinunua kwa fedha zao. Aliyekosa fedha aliazima, naye akaazimwa kabla hajamaliza, hata jalada likabanduka na kurasa za mwanzo zikapotea.

Vijitabu vya afya vilionyesha serikali ilitaka nini kwa wananchi wake, na vilifanya kazi kubwa. Riwaya zile zilizochakaa kwa kupita mikononi zinaonyesha jambo jingine: wananchi wenyewe walitaka nini. Kwa zaidi ya miaka 60 msomaji wa Kiswahili amekuwa akimpenda mpelelezi, lakini kila kizazi kimempenda wa kwake. Ukiwapanga wapelelezi hao kwa mfuatano, unapata historia ya imani ya watu: pale ukweli unapofichwa, nani atakayeufichua?

Kabla ya wapelelezi hao msomaji hakuwa na mengi ya kuchagua. Jarida la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilimpa habari, mawaidha na mashairi. Mwaka 1929 zikaja tafsiri, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Alfu Lela Ulela. Zilisomwa kwa hamu shuleni na majumbani, ingawa safari zake zilianzia kwenye mawazo ya watu wa mbali.

Mabadiliko yalitoka Zanzibar. Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa miaka kama 10 kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari na baadaye kuhariri jarida la Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 50, ikachapishwa mwaka 1960. Ndani yake tajiri mmoja anakutwa amekufa mahali pa mizimu, na wenyeji wanajua la kusema: mizimu imemchukua. Bwana Msa hasemi hivyo. Anavuta kiko chake, anamuuliza huyu na yule, anapanga hoja moja baada ya nyingine huku rafiki yake Najum akihangaika kumfuata, mpaka anamfikia muuaji, ambaye ni binadamu kama wengine.

Bwana Msa hana cheo wala pingu. Anacho kichwa chake tu. Msomaji aliyempenda mtu huyo wakati visiwa vikielekea kwenye uhuru alikuwa tayari kuamini kwamba mtu wa kwao, kwa akili yake mwenyewe, anaweza kuufikia ukweli ambao wengine wanauogopa. Mapenzi hayo hayakuisha upesi: kisa cha mwisho chenye jina lake, Kosa la Bwana Msa, kilitoka mwaka 1984.

Bara, uhuru ulikuja na mji. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na mpelelezi wake, Inspekta Wingo, ni askari polisi wa Dar es Salaam. Jina la kitabu peke yake linamwondoa msomaji kwenye mashamba ya mikarafuu na kumpeleka kwenye ofisi, magari na simu za mezani. Ukweli sasa umekabidhiwa kwa mtumishi wa dola changa, na msomaji hana shaka naye.

Imani hiyo ilifika kileleni kwa Willy Gamba. Idadi ya wasomaji nayo ilikuwa inapanda kwa kasi. Mwaka 1967 Watanzania watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa takwimu za serikali, kisomo chenye manufaa kiliwapunguza hadi asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Wakati huo huo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walionekana mitaani. Musiba alimpa msomaji jasusi anayeilinda vita hiyo ya ukombozi, kutoka Nairobi hadi Kinshasa. Kumsoma Willy Gamba ilikuwa kushiriki ukombozi wa bara zima ukiwa umekaa kibarazani kwako.

Kisha zikaja foleni za sukari na sabuni, magendo, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Katika miaka hiyo msomaji alimkumbatia Joram Kiango wa Ben Mtobwa, kijana mzaliwa wa Kigoma aliyeandika kwa kasi na baadaye kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Joram naye anaipenda Afrika, na katika Tutarudi na Roho Zetu? anapambana na makaburu. Lakini ni mpelelezi wa kujitegemea. Hapokei mshahara wa serikali, na mara nyingine anaifikia kweli ambayo wenye vyeo wameshindwa kuifikia. Riwaya nyingine ya Mtobwa iliitwa Pesa Zako Zinanuka, na msomaji wa miaka ile hakuhitaji kuelezwa harufu hiyo ni ya nini.

Wahakiki waliziita kazi hizi fasihi pendwa, na wengi wao waliziona nyepesi mno kufundishwa darasani. Hukumu hiyo imeigharimu historia ya Kiswahili. Vitabu vilivyosomwa na dereva, karani, mwanafunzi na askari kwa hiari yao vilistahili kuchunguzwa mapema, wakati wasomaji wake wa kwanza walikuwapo kueleza walivipendea nini.

Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, magazeti yakamwagika mitaani na hadithi za mfululizo zikahamia humo. Eric Shigongo, mwanzilishi wa Global Publishers, aliwafanya watu wasubiri toleo lijalo kwa majina kama Siku za Mwisho za Uhai Wangu na Rais Anampenda Mke Wangu. Hapa mpelelezi ameondoka jukwaani. Anayezungumza ni mtu aliyeumizwa, na msomaji wa miaka ya UKIMWI, ya kupunguzwa kazini na ya utajiri wa ghafla alimwamini yeye aliyepatwa.

Leo hadithi inasomwa kwenye simu, ndani ya daladala, bila jalada la kumwonyesha jirani. Mwandishi hutuma sehemu za mwanzo bure katika kundi la WhatsApp. Anayetaka kuendelea hulipa kwa simu hiyo hiyo. Mapenzi, ndoa, majini na ujasusi vyote vimo. Jipya ni sauti ya msomaji: sehemu haijapoa, mmoja anaandika mhusika fulani asisamehewe, mwingine anamtetea, wa tatu anamwonya mwandishi asithubutu kumuua bibi harusi. Kazi ya kuamua nani mkosaji, iliyokuwa ya Bwana Msa na kiko chake, msomaji ameichukua mwenyewe.

Riwaya nyingi za karatasi zina pa kutafutiwa, kwa kuwa sheria ya mwaka 1975 ya Bodi ya Huduma za Maktaba iliwataka wachapishaji kuwasilisha nakala. Mfululizo wa simu hupotea simu inapoibwa au kundi linapofutwa. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina wanafunzi wanaozisoma hadithi hizo kila siku. Kwa idhini ya waandishi, wanaweza kuanza kuzikusanya mwaka huu, pamoja na ubishi wa wasomaji uliozifuata.