Kidinga pepo: homa ya viungo iliyopoteza jina lake

Wandugu, zamu ya historia juma hili ni yangu, na sisi watu wa agronomia munatujua, tunapenda kuanza na udongo. Leo nitaanza na munganga, juu ya jambo tunalokutana nalo kila siku hapa Bunia. Mtu anapata homa, magoti na vifundo vya mikono vinamuuma mpaka anashindwa kufunga vifungo vya shati. Anaambiwa ni malaria. Kipimo kikikataa, basi ni tifoide. Na tifoide ikikataa, ni rimatisme, na kama ni mzee wanasema ni mifupa tu. Anapita farmasi, ananunua diclofenac, anarudi nyumbani.

Munganga James Christie, Mskoti aliyekuwa munganga wa Sultani wa Zanzibar, alikutana na homa ya namna hiyo miaka 150 na zaidi iliyopita. Wanahistoria wanamkumbuka zaidi kwa kitabu chake cha 1876 juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki. Kipindupindu hicho kiliingia Zanzibar mwaka 1869 na kiliua watu wengi sana. Wakati mji haujapumua vizuri, Julai 1870, ikatokea homa nyingine. Ilidumu mpaka Januari 1871. Hii haikuwa ya kuzikisha watu kama ile ya kwanza, ila ilikuwa ya kuangusha: inamshika mtu ghafula, viungo vinakakamaa, ngozi inatoka vipele, na homa ikiisha maumivu ya viungo yanabaki. Nyumba nzima zinalala pamoja.

Christie alifanya kile waganga wa wakati ule walikuwa wanafanya: alichukua karatasi akawaandikia wenzake. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar 1879 tu, kwa hiyo maneno yote yalisafiri kwa meli. Gazeti la waganga wa Uingereza lilichapisha maandishi yake mwaka 1872. Lakini ugonjwa nao ulikuwa unapanda meli zilezile. Kati ya 1871 na 1872 ulikuwa umeshapita Aden na kuingia India. Waganga wa kule waliuona kwa macho yao kabla ya kusoma shauri la mwenzao wa Zanzibar.

Kitu kinachonipendeza katika maandishi yale ni kichwa chake. Mzungu wa karne ya 19, mwenye diploma yake, angeweza kutafuta neno la Kilatini, au kuita homa kwa jina la mji. Yeye aliweka jina ambalo watu wenyewe walikuwa wanatumia: kidinga pepo. Alieleza kwamba ni kushikwa ghafula na mkakamao, kama mtu aliyekamatwa na pepo. Na hakuishia kwa jina. Alisikiliza wazee. Wao hawakushangaa na homa ile, kwa sababu waliikumbuka. Walisema ilipita wakati wa ujana wao, na Christie akahesabu akafika karibu mwaka 1823. Yaani kwa karibu miaka 50 hakuna munganga wala rejista iliyotunza habari ile. Ilitunzwa na neno moja katika vinywa vya watu.

Mwaka 1881 alirudia jambo hilo katika gazeti la waganga la Glasgow, na hapo akaenda mbali zaidi. Alikumbusha kwamba miaka 1827 na 1828 homa ya viungo ilifagia visiwa vya Karibi. Kule Waingereza waliiita "dandy", jina la kijana mwenye maringo, juu mgonjwa alikuwa anatembea amejikaza kama mtu anayeogopa kukunja suruali. Cuba, watu wa Kihispania waliiita "dengue", neno ambalo kwao linahusu madaha na kujishaua. Christie alisema maneno yote mawili ni masikio ya wageni yaliyosikia "dinga" na kuigeuza ifanane na neno la kwao. Ugonjwa na jina vilitoka pwani yetu ya mashariki, vikavuka bahari pamoja na watu waliokuwa wanauzwa. Si wataalamu wote wa maneno wanakubali, lakini hata leo hoja hiyo ndiyo inatajwa kwanza mtu akiuliza jina dengue limetoka wapi.

Musipige vigelegele haraka, kuko tatizo. Mwaka 1943 Wajapani walipata virusi ambavyo leo dunia nzima inaviita dengue. Na mwaka 1971 Donald Carey, Mmarekani, alikaa na maandishi ya zamani, yakiwemo ya Christie, akaona hesabu haikubali. Maumivu ya viungo yanayobaki muda mrefu, vifo vichache, mji mzima kuanguka kwa mara moja: hiyo si sura ya dengue. Ni sura ya chikungunya. Kwa maoni yake, homa ya Zanzibar ya 1823 na ya 1870, pamoja na ile ya Karibi, zilikuwa chikungunya. Jina la Kiswahili lilikwenda kukaa juu ya ugonjwa mwingine, na mwenye jina akabaki bila jina.

Alibaki hivyo mpaka 1952, wakati homa iliposhika watu wa Newala na Masasi, kusini ya Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika juu yake 1955, na wao pia wakachukua neno la wenyeji: chikungunya, la Kimakonde, kile kinachomkunja mtu. Miaka michache baadaye, 1959, kaskazini ya Uganda, ikaja ndugu yake. Waacholi waliiita o'nyong-nyong, yenye kuvunja viungo. Ilipata watu karibu milioni 2 mpaka ilipotulia. Hapo naona mambo matatu: pwani walisema mkakamao, Makonde walisema kukunjwa, Acholi walisema kuvunjwa. Watu hawa hawakuwa na labo. Lakini kila mmoja alichagua viungo, hakuchagua joto la mwili, na viungo ndivyo vinatofautisha homa hizi na malaria.

Sasa dawa. Wakati kitabu cha Christie kinatoka, Mskoti mwenzake, Thomas MacLagan wa Dundee, aliwaandikia waganga kupitia gazeti la Lancet, Machi 1876, juu ya salisini, kitu kinachopatikana katika ganda la mti unaoitwa salix. Sisi wa mimea hapa tunaamka kidogo. Alifikiri hivi: rimatisme ya homa inapenda mahali penye unyevu, na mti huu pia unapenda unyevu, basi Mungu ameweka dawa karibu na ugonjwa. Kwa mantiki hiyo profesa wetu wa fiziolojia ya mimea angempa sifuri. Lakini alijipima mwenyewe kwanza, gramu kidogo-kidogo, ndipo akawapa wagonjwa, na maumivu yao yalishuka. Kutoka familia hiyo ya dawa, mwaka 1897, Felix Hoffmann wa Bayer alitengeneza kile tunachokiita aspirini.

Na hapa ndipo mchanganyiko wa majina unaacha kuwa jambo la kamusi. Kwa chikungunya, aspirini na jamaa zake, ibuprofen na diclofenac, zinaweza kupunguza maumivu. Kwa dengue zinaweza kumfanya mgonjwa atoke damu. Ndiyo maana shauri la leo ni parasetamoli na maji ya kutosha, na zile nyingine zingoje mpaka dengue iondolewe kwenye orodha. Dawa ya kuua virusi vyenyewe haiko bado, kwa yoyote kati ya hizo mbili. Mbu wao ni Aedes, anayeuma mchana na kuzalia katika matairi ya zamani na mitungi iliyo wazi, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimsumbui sana. O'nyong-nyong yenyewe inabebwa na Anopheles, mbu yule yule wa malaria.

Chikungunya haiko mbali na nchi yetu. Kinshasa iliiona 1999 na 2000, ikaiona tena 2019 pamoja na Kongo Central. Sisi wa Ituri tunapakana na Uganda, magari ya Mahagi na Aru yanavuka kila siku, mitumbwi inakata ziwa Albert. Kwa hiyo mgonjwa ambaye malaria yake "inakataa" na vidole vyake vimevimba, mimi ningetaka mtu aandike jina sahihi kwenye fishi yake, au angalau aandike kile mama mwenyewe ameita.

Wandugu wa Mahagi, Kialur ni ndugu wa Kiacholi. Neno onyong-nyong, kwenu mukilisikia, mnaelewa nini? Na wa Aru, kwa Kilugbara, nyanya zenu wanaita namna gani homa inayokunja magoti? Muulize nyumbani kwanza, halafu muandike hapa chini, na mwaka kama wanaukumbuka.