Akwariumu ya nyumbani: unene wa kioo na mikanda inayozuia kupasuka

Mtu akienda kwa fundi wa vioo kuagiza akwariumu, mara nyingi anaanza na swali la litre: itaingiza maji kiasi gani? Lakini litre hazimwonyeshi fundi unene wa kioo. Kinachoamua ni kimo cha maji, ni kusema maji yanapanda sentimetre ngapi kutoka chini, pamoja na urefu wa kioo cha mbele. Juu ya kutojua jambo hilo, mtu anaweza kutoa makuta mingi kwa sanduku kubwa la kioo chembamba, kisha likapasuka usiku watu wamelala.

Maji yanasukuma ginsi gani

Kila sentimetre 10 za kimo zinaongeza msukumo wa kilo 100 kwa kila metre mraba. Maji yakifika sentimetre 50, kule chini kabisa yanasukuma kama kilo 500 kwa metre mraba. Juu kabisa, msukumo ni karibu sifuri. Ndiyo maana sehemu ya chini ya kioo inachoka zaidi.

Tuchukue akwariumu ya urefu wa sentimetre 120, upana 50, na maji yenye kimo cha 50. Kioo cha mbele peke yake kinasukumwa kwa nguvu sawa na kilo 150, mchana na usiku, bila kupumzika. Ukipandisha maji mpaka 60, nguvu hiyo inafika kilo 216.

Upana, kutoka mbele kwenda nyuma, haubadilishi hesabu ya kioo cha mbele. Upana ukiwa 40 ao 80, kioo kile kinasukumwa vilevile. Basi anayetaka nafasi kubwa kwa samaki aongeze upana, si kimo. Hata samaki wenyewe wanapenda hivyo: wale wa mawe wa Ziwa Tanganyika, kama Tropheus, ambao wanafugwa mpaka Ulaya na Marekani, wanataka eneo la kuogelea na mawe ya kuchungulia kuliko kina kirefu.

Unene unaofaa

Vipimo hivi ni vya kioo cha kawaida kisicho na mkwaruzo, kwa akwariumu iliyo wazi juu:

– urefu 60, kimo 30: milimetre 5 (6 ni bora zaidi)
– urefu 80, kimo 40: milimetre 8
– urefu 120, kimo 50: milimetre 10
– urefu 120, kimo 60: milimetre 12

Ukiangalia vizuri, kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho urefu na kimo vimeongezeka mara 2, lakini unene umezidi mara 2. Kioo hakifuati hesabu ya mbao.

Vipimo hivyo vimewekewa akiba ya usalama ya karibu mara 4. Akiba hiyo si kupoteza makuta. Kioo hakipindi kama chuma kisha kikatoa onyo. Nguvu yake inategemea ukingo na uso wake: jino dogo lililobakia baada ya kukata, ao mkwaruzo wa mchanga, unaweza kuwa mwanzo wa ufa. Na maji yenyewe yanasaidia ufa kutembea polepole. Ndiyo sababu akwariumu inaweza kusimama mwezi mzima, kisha ikapasuka siku ambayo hakuna mtu aliyeigusa.

Kioo cha madirisha cha milimetre 3 ao 4 hakifai kwa akwariumu kubwa. Wengine wanaweka vioo viwili vya milimetre 5 kimoja juu ya kingine, wakifikiri wamepata 10. Sivyo. Visiposhikamana kabisa, vinafanya kazi ya kioo kimoja cha milimetre 7 hivi. Na kioo cha mlango wa gari hakikatwi: kimepitishwa kwenye moto kiwandani, ukijaribu kukikata kinavunjika vipande vidogo vidogo mara moja.

Mikanda ya juu

Mkanda ni kipande cha kioo kinacholazwa ndani, karibu na ukingo wa juu, na kugandishwa kwa silikone kwenye urefu wote wa kioo cha mbele na cha nyuma. Unakuwa na upana wa sentimetre 5 hivi, na unene sawa na wa vioo vingine. Kazi yake ni kuzuia kioo kisivimbe katikati, maana kikivimba kinavuta silikone ya pembe.

Akwariumu ikipita metre 1 ya urefu, inaongezwa daraja: kipande cha kioo kinachotoka mkanda wa mbele kwenda mkanda wa nyuma, pale katikati. Daraja likianguka ao likipasuka, usingoje kesho. Shusha maji siku ileile, hata nusu, ndipo umwite fundi. Na mtu asikudanganye kwamba ukiweka mikanda unaweza kununua kioo chembamba. Mkanda unasaidia kioo chenye unene wake. Hauchukui fasi ya unene huo.

Silikone

Inayotumiwa ni silikone safi yenye harufu ya vinegre, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafu mara nyingi ina dawa hiyo, na inaua samaki. Mbele ya kupaka, kingo zinapanguswa kwa alkoli ao asetoni mpaka mafuta yote yatoke. Silikone mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani iliyokauka. Ya zamani inakwanguliwa yote. Kisha mtu anangoja karibu juma moja. Jaribio linafanyika uani: maji yanajazwa kidogo kidogo, na yanaachwa siku kadhaa mbele ya kuingiza akwariumu nyumbani.

Meza na fasi ya kuweka

Akwariumu ile ya 120 × 50 × 50 ina litre 300, ni kusema kilo 300 za maji. Kioo cha milimetre 10 kinaongeza karibu kilo 57, bado mchanga na mawe. Jumla inapita kilo 400. Meza ya televizyo haiwezi. Chini yake pawe sawasawa, papimwe kwa nivo ya masoni, na kioo cha chini kilale juu ya povu gumu la sentimetre 1, ili punje ya mchanga isikisukume fasi moja. Mawe makubwa yanawekwa kwanza, mchanga unafuata, maana samaki wanachimba na jiwe linaweza kuangukia kioo.

Watu wa mashariki ya Congo wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu: ardhi inatikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilipiga upande wa Kalemie, na tarehe 3 Februari 2008 Bukavu ikatikiswa vikali. Ardhi ikitikisika, maji yanapiga mawimbi ndani ya akwariumu. Acha sentimetre 5 wazi juu. Funga meza ukutani. Usiweke akwariumu karibu na kitanda cha watoto, wala multiprizi chini yake. Waya wa pompi upinde kwanza kwenda chini mbele ya kupanda kwenye prizi, ili tone la maji lisifuate waya mpaka kwenye umeme.

Kila juma, pitisha jicho kwenye pembe zote. Silikone inayoachana na kioo, mapovu marefu ndani yake, unyevu juu ya meza, ufa hata wa sentimetre 1: kila kimoja kinatosha kutoa maji. Na kama makuta hayafiki kwa kioo cha milimetre 10, punguza kimo. Akwariumu ya maji ya sentimetre 30, ndefu kiasi na pana, inalisha macho vilevile, na nyumba inalala salama.