Hili Jina "Kifua Kikuu" Limetuchezea

Ukisikia kifua kikuu unafikiria nini? Kikohozi, jasho la usiku, mtu amekonda. Hapa Mwiki sijawahi kusikia mtu akipata uvimbe kwa titi aseme labda ni TB. Anawaza saratani, na kichwani ashaanza kupanga mazishi.

Na si kitu kipya, wasee. Daktari Mwingereza, Astley Cooper, aliandika kuhusu TB ya titi mwaka wa 1829. Robert Koch, aliyetangaza bakteria ya TB kule Berlin tarehe 24 Machi 1882, alikuwa hata hajazaliwa. Cooper aliuona ugonjwa bila kujua unaletwa na nini.

Ungedhani baada ya Koch mambo yalikuwa rahisi. Wapi! Kwa makohozi ya mgonjwa wa mapafu bakteria huwa wengi, lakini kwa titi huwa wachache sana, kwa hivyo mara nyingi hadubini inasema hakuna kitu. X-ray ya kifua inaweza kuwa safi kabisa. Picha ya titi inaonyesha uvimbe unaofanana na saratani. Mama anayenyonyesha naye anaambiwa ni jipu, anapewa dawa, usaha unakauka, halafu unarudi. Kinachosaidia ni kutoa kinyama kwa sindano ama kisu, kiende maabara. Huko seli zinaangaliwa, na sampuli inapandwa ili bakteria wakue, kazi ya wiki kadhaa. Mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha GeneXpert, mashine inayojibu kwa kama saa mbili. Hata hiyo hukosa wengine.

Sasa kinachoniuma. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 ulionyesha karibu 40% ya wagonjwa wa TB Kenya hawakuwa wanajulikana, na hiyo ilikuwa TB ya mapafu, ile rahisi. Ya titi nani anaihesabu? Kuna wanawake duniani walikatwa titi lote, kumbe ilikuwa ugonjwa wa kumeza tembe. Mtu wako akitolewa sampuli, uliza kama wameangalia na TB.

Dawa zenyewe ni za bure kwa hospitali za serikali, na tiba ni miezi sita. Hiyo miezi sita ilijaribiwa kwa wagonjwa wa hapa hapa Afrika Mashariki, matokeo yakachapishwa 1972. Kabla ya hapo watu walikuwa wanameza dawa mwaka mmoja na nusu.