Vajpayee na Shule ya Kushindwa

Tarehe 17 Aprili 1999, hesabu ya kura ya imani katika Lok Sabha, baraza la chini la bunge la India, ilisomeka 269 kwa 270. Serikali ya Atal Bihari Vajpayee ilianguka kwa kura moja. Waziri mkuu alikwenda kwa Rais, akajiuzulu. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mzee huyu alikuwa na mazoezi ya miaka arobaini na ushei.

Alizaliwa Gwalior mwaka 1924. Ujanani alijiunga na RSS, jumuiya ya uzalendo wa Kihindu, akahariri magazeti na kutunga mashairi. Mwaka 1957 chama cha Jana Sangh kilimsimamisha katika majimbo matatu kwa mpigo. Lucknow alishindwa, Mathura akapoteza hata dhamana, Balrampur ikampeleka bungeni. Mwaka 1962 Balrampur nayo ikamkataa.

Zama hizo Congress, chama tawala, ilikuwa na wabunge wa kupitisha ilitakalo. Mpinzani hakuwa na silaha ila ulimi, na Vajpayee aliunoa wake hata mahasimu wakawa wanakaa kumsikiliza. Waziri mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari mwaka 1975, ulimi huo ulifungwa gerezani. Miaka miwili baadaye Vajpayee akawa Waziri wa Mambo ya Nje, akahutubia Umoja wa Mataifa kwa Kihindi. Mwaka 1980 akawa rais wa kwanza wa BJP, chama kilichorithi Jana Sangh; uchaguzi wa 1984 chama kikapata viti viwili tu, na cha kwake Gwalior hakimo.

Kilichokinyanyua chama baada ya hapo hakikuwa ufasaha wake, bali vuguvugu la kudai hekalu la Kihindu Ayodhya lililoongozwa na mwenzake chamani L. K. Advani, ambalo Desemba 1992 liliishia kwa umati kubomoa Msikiti wa Babri. Hata hivyo BJP peke yake haikutosha kutawala. Mwaka 1996 Vajpayee alidumu madarakani siku 13. Alihitajika mtu ambaye vyama vingine vingekubali kukaa naye meza moja, na miaka ya upinzani ilikuwa imemfunza hilo. Ndiyo maana alirejea madarakani, na baada ya kuangushwa kwa kura moja alirudi tena Oktoba 1999 na muungano mpana, akawa waziri mkuu wa kwanza asiyetoka Congress kumaliza muhula.

Lakini mwaka 2002, Waislamu wengi walipouawa katika ghasia za Gujarat, alimkumbusha hadharani waziri kiongozi wa jimbo hilo, Narendra Modi wa chama chake, wajibu wa mtawala, kisha akamwacha kitini. Mwaka 2004 alishindwa tena, akaondoka bila kelele, akafariki 2018. Kushindwa na wapinzani alikuzoea. Kushindana na watu wa nyumba yake ndiko kulikomshinda.